Saratani Iliyorudi Si Ile Iliyoondoka

Ndugu wa wagonjwa wakija maabara kufuatilia majibu, swali wanaloniuliza mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: dawa zilikubali, uvimbe ulinywea, mgonjwa akarudi shambani akalima, sasa mbona umerudi? Na kabla sijafungua mdomo, aliyekaa pembeni kwenye benchi anakuwa ameshajibu. Mwili umezoea dawa. Mwingine anasema dawa za siku hizi feki. Wa tatu anashusha sauti na kusema hapo kuna mkono wa mtu. Mgonjwa mwenyewe, kama yupo, anainamisha kichwa, maana katika majibu yote matatu hakuna linalomwacha salama: ama mwili wake ni mbovu, ama pesa ya ukoo imeliwa bure, ama ana adui nyumbani.

Nataka kulieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu jibu lake lipo, limejulikana tangu miaka ya 1970, na halimlaumu mtu yeyote. Saratani inabadilika. Ndani ya mgonjwa mmoja, seli zake zinazaliana, zinatofautiana, na zile zinazoweza kustahimili mazingira ndizo zinazobaki na kujaza nafasi. Dawa ikiingia inazichagua. Kinachorudi baadaye ni kizazi kingine, chenye tabia nyingine, na kinahitaji kupimwa upya kana kwamba ni mgeni.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, upande wa patholojia, hapa Mbeya. Kinyama kikishakatwa huko wodini au chumba cha upasuaji, kinanifikia kikiwa kwenye kichupa cha fomalini, kimeandikwa jina na sehemu ya mwili kilikotoka. Nakipitisha kwenye alkoholi za nguvu tofauti ili kitoke maji, kisha zailini, kisha nta ya moto, mpaka kinagandia ndani ya bloku ngumu unayoweza kuishika kwa vidole viwili. Hapo naifunga bloku kwenye maikrotomu na kuanza kukata. Kila mkato una unene wa mikroni tatu au nne. Unywele wa kichwani una mikroni sabini hivi. Mikato inatoka imeshikana, ukanda mrefu mwepesi, nauinua kwa brashi ndogo na kuulaza juu ya maji ya uvuguvugu ili ujinyooshe kabla ya kuunasa kwa slaidi. Mwezi wa Julai, upepo wa mlima Loleza ukipenya dirishani, ukanda unajikunja hata kabla haujafika majini na lazima nianze tena. Mwisho natia rangi: hematoksilini inavipaka viini vya seli rangi ya zambarau, eosini inapaka sehemu inayobaki rangi ya waridi.

Seli za kawaida za tezi zinafanana. Viini vyao vimekaa mstari mmoja, ukubwa mmoja. Ukihamisha slaidi kidogo na kuingia sehemu ya saratani, mfanano unakufa. Hiki kiini ni kikubwa mara tatu ya jirani yake, kile kimepinda, kile kingine ni cheusi kabisa, na pale seli inajaribu kugawanyika pande tatu badala ya mbili. Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na mimi naliona kila siku ya kazi, ni kwamba seli za saratani zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe ndani ya uvimbe uleule. Tofauti hiyo unayoiona kwa macho ina chanzo chake kwenye vinasaba.

Seli inapotaka kugawanyika lazima inakili maandishi yake yote ya urithi, herufi takriban bilioni tatu kutoka kwa kila mzazi, za aina nne tu, A, C, G na T, zenye jeni zipatazo 20,000. Mitambo ya seli ya kunakili na kusahihisha ni hodari mno: inaacha kosa takriban moja kwa kila herufi bilioni moja, pengine hata chini ya hapo. Makosa mengi yanaangukia mahali pasipo na madhara. Machache yanaangukia kwenye jeni zinazoamua seli igawanyike lini, isimame lini, na ijiue lini. Nyingine kati ya jeni hizo kazi yake ni kusukuma, nyingine ni kuzuia. Ya kusukuma ikikwama kwenye hali ya kuwashwa, nakala moja mbovu inatosha kuleta balaa. Ya kuzuia kwa kawaida inahitaji kuharibika nakala zote mbili, ya baba na ya mama.

Hilo la nakala mbili aliligundua Alfred Knudson mwaka 1971, kwa kutazama watoto wenye saratani ya jicho na kupiga hesabu. Waliorithi kosa moja tangu kuzaliwa waliugua mapema, mara nyingi macho yote mawili, kwa sababu walihitaji kosa moja tu zaidi. Ambao hawakurithi waliugua baadaye na kwa jicho moja, maana ilibidi makosa yote mawili yakutane kwenye seli ileile. Jeni yenyewe, RB1, ilikuja kupatikana mwaka 1986. Nisimame hapa kidogo: ukimpiga mtoto picha kwa flashi ya simu na jicho moja likang'aa jeupe badala ya jekundu, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.

Jeni ya kuzuia inayoharibika kuliko zote ni TP53, na takriban nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu kwenye jeni hii. Kazi yake ni kusimamisha seli iliyoumia, na ikishindikana kuitengeneza, kuiamuru ife. Sisi tuna jeni hiyo moja tu, nakala yake moja ya baba na moja ya mama. Tembo wanaopita Ruaha, kule Iringa, wana nakala zipatazo ishirini za jeni hii, kwa mujibu wa tafiti zilizochapishwa mwaka 2015, na saratani kwao ni adimu ingawa mwili wao una seli nyingi kuliko zetu na wanaishi miaka mingi. Kila nikiwaza jambo hilo nashangaa upya.

Makosa ya vinasaba yanaacha alama ya kilichoyasababisha. Jua likimchoma mtu mwenye ualbino ambaye hana kofia wala mafuta ya kujikinga, miale yake inageuza herufi C kuwa T, mara nyingi pale ambapo herufi za jamii hiyo zimekaa jirani. Sumukuvu, ile inayotokana na kuvu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ina kawaida ya kugeuza G kuwa T mahali pamoja mahususi kwenye TP53, nafasi ya 249. Wanasayansi waliiona alama hiyo mwaka 1991 kwenye saratani za ini za watu wa China na kusini mwa Afrika, wanaokula mahindi na karanga kama sisi. Nikipita kwenye masoko yetu na kuona gunia la mahindi limemwagwa kwenye turubai lenye maji, ile 249 inanijia kichwani.

Lakini kwa nyanda zetu za juu kusini, kisababishi kinachonihuzunisha zaidi ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana nacho, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinasababisha takriban asilimia 70. Kirusi hiki hakisubiri bahati ya makosa ya kunakili. Kinaingia na protini zake mbili: E6 inaisambaratisha p53, ambayo ni protini ya ile jeni ya TP53, na E7 inaikaba protini ya jeni ya RB1. Walinzi wawili wanaondolewa kwa mpigo, na seli inabaki ikigawanyika na kukusanya makosa bila mtu wa kuisimamisha. Safari hiyo kwa kawaida inachukua miaka kumi, kumi na tano au zaidi, na kwa mwanamke anayeishi na VVU inaweza kuwa fupi zaidi. Hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, Njombe ikiwa na asilimia 12.7 ya watu wazima. Weka hesabu hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini vichupa vingi vinavyonifikia vimeandikwa mlango wa kizazi. Chanjo ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mzazi anayemficha binti yake siku ya chanjo shuleni kwa sababu ya maneno ya vijiweni, mimi sina namna ya kumwelewa.

Sasa nije kwa Shangazi.

Shangazi yangu anaishi Kyela, ana shamba la mpunga na kakao kidogo nyuma ya nyumba. Alianza kwa uchovu na tumbo kujaa upande wa kushoto. Kijijini waliita bandama, na kweli lilikuwa bandama, limevimba mpaka karibu na kitovu. Alipopimwa damu, chembe nyeupe zilikuwa zaidi ya laki mbili, wakati mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya elfu nne na elfu kumi na moja kwa kipimo hichohicho. Ilikuwa saratani ya damu ya aina inayokwenda polepole, inayoanzia kwenye uboho, ile ambayo madaktari huiita CML.

Ugonjwa huu una historia ambayo mtu wa maabara hawezi kuipita kimya. Katika miaka ya 1950 Peter Nowell, aliyekuwa akifanya kazi Philadelphia, aliziosha seli za lukemia, yaani saratani ya damu, kwa maji ya bomba kabla ya kuzitia rangi. Maji yale yakazivimbisha, na kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, zikatawanyika zikaonekana vizuri. Yeye na David Hungerford wakaona kwa wagonjwa wa CML kuna kromosomu moja ndogo isivyo kawaida. Walilitangaza hilo mwaka 1960, na mpaka leo inaitwa kromosomu ya Philadelphia. Kwa nini ilikuwa fupi? Jibu lilipatikana mwaka 1973 kutoka kwa Janet Rowley wa Chicago, aliyekata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga kwenye meza ya chakula nyumbani kwake. Watoto wake walimtania kuwa anacheza na wanasesere wa karatasi. Aliona kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Mahali pa maungio, jeni mbili zilizokuwa mbali, BCR na ABL, zinakuwa jeni moja, na protini inayotoka hapo inaiamuru seli igawanyike bila kukoma.

Kosa ni moja na linajulikana, basi likatafutiwa dawa yake. Imatinibu iliidhinishwa Marekani Mei 2001 baada ya majaribio aliyoyaongoza Brian Druker: kati ya wagonjwa 54 waliopewa dozi ya kutosha, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kumeza vidonge. Shangazi alipata vidonge hivyo bila malipo kupitia mpango wa msaada, akawa anasafiri kuvifuata. Bandama likanywea. Akarudi kulima, akaoza binti, akanenepa. Mtu akimuuliza hali alikuwa anajibu "ndaga, ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kabla swali halijaisha.

Halafu chembe nyeupe zikaanza kupanda tena.

Kikao cha ukoo kilikaa bila yeye. Mmoja akasema dawa wamebadilisha wanaleta za India ambazo hazifai. Mwingine akakumbusha ugomvi wa mpaka wa shamba. Daktari alikuwa ameandika apimwe upya, kipimo cha kuangalia jeni ile imebadilika vipi, na hapo ndipo palipokuwa na ubishi mkali, maana kipimo kilitaka pesa na safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Alishapimwa, walisema. Ugonjwa unajulikana ni uleule, kuna haja gani ya kuupima mara mbili?

Haja ilikuwepo, na haikuwa ndogo. Mwaka huohuo wa 2001 imatinibu ilipoidhinishwa, maabara ya Charles Sawyers huko Los Angeles ilichunguza wagonjwa ambao dawa ilikuwa imeacha kuwasaidia. Kwa baadhi yao walikuta herufi moja, moja tu, C iliyogeuka T, ndani ya jeni ya BCR-ABL. Kutokana na herufi hiyo, kwenye nafasi ya 315 ya protini inakaa asidi amino nyingine, yaani tofali jingine la kuijenga protini, nene kuliko la kwanza, na imatinibu haiwezi tena kuingia mahali pake. Baadaye yalipatikana mabadiliko mengine mengi kwenye jeni hiyohiyo. Kuna dawa za kizazi cha pili, dasatinibu na nilotinibu, zinazoyamudu mengi ya hayo lakini hilo la 315 linazishinda. Kwa hilo ikatengenezwa ponatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2012. Kwa hiyo daktari asipojua ni herufi ipi iliyogeuka, anachagua dawa kwa kubahatisha.

Nilikwenda Kyela. Nilimkuta Shangazi ameketi barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na wewe kuniambia mwili wangu umezoea dawa?"

Nikamwambia mwili wake hauna kosa lolote. Nikamuuliza kuhusu palizi. Yeye amelima mpunga tangu akiwa msichana, anajua kwamba mpalilizi anang'oa jani linaloonekana tofauti. Ule mpunga pori unaofanana na mpunga wenyewe unamponyoka mkononi. Unaachwa, unakomaa, unapukutisha mbegu, na msimu unaofuata shamba lina mpunga pori mwingi zaidi unaofanana na mpunga. Hakuna aliyeufundisha kujificha, na wala haukuzoea jembe. Ulikuwepo tangu mwanzo, mchache, na palizi ndiyo iliyouachia nafasi.

Alikaa kimya akipeta. Kisha akasema, "Kwa hiyo dawa ilikuwa inapalilia."

"Ndiyo Shangazi. Na imepalilia vizuri."

"Basi niletewe jembe jingine. Nani anakataa nisiende?"

Alikwenda. Badiliko lililokutwa halikuwa lile la 315, akabadilishiwa dawa, na hesabu ikashuka. Leo ninapoandika yuko Kyela na analalamikia bei ya kakao.

Kwamba magugu yalikuwepo kabla ya jembe si dhana yangu. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha kwa bakteria kwamba usugu hutokea wenyewe, kwa bahati, kabla bakteria hawajakutana na adui wanayemshinda. Mwaka 1976 ni yuleyule Peter Nowell aliyeandika kwamba uvimbe nao unakwenda hivyohivyo: unaanza na seli moja, wazao wake wanatofautiana, na mazingira yanawachuja. Kwenye CML, watafiti walizirudia sampuli za damu zilizohifadhiwa kabla ya matibabu, na kwa baadhi ya wagonjwa wakakuta badiliko la usugu lilikuwemo tayari kabla ya kidonge cha kwanza.

Fanya hesabu mwenyewe. Uvimbe wa sentimita moja, ambao mkono wa kawaida unaanza tu kuuhisi, unaweza kuwa na seli zipatazo bilioni moja. Mgonjwa wa CML anapogundulika anaweza kuwa na seli za ugonjwa trilioni moja. Kama kila mgawanyiko unaacha kosa moja kwa herufi bilioni moja, basi kwenye umati huo karibu kila kosa la herufi moja unaloweza kulitaja limeshatokea kwa seli fulani, mahali fulani. Ile itakayoishinda dawa imeshazaliwa, haijulikani, haina faida yoyote kwa sasa. Dawa ikiwaua majirani zake wote, ndipo inapata uwanja.

Watu wa mikoa hii wanaijua tiba ya tatizo hili kuliko wanavyodhani. Kifua kikuu kilipotibiwa kwa streptomisini peke yake miaka ya 1940, wagonjwa walipata nafuu kisha wakarudi na bakteria sugu. Walipopewa dawa zaidi ya moja kwa pamoja, wakapona. VVU vilizishinda dawa moja moja mpaka dawa tatu zilipounganishwa mwaka 1996. Malaria tunaitibu kwa dawa mseto na hata mtoto wa darasa la nne analijua jina hilo. Hesabu ni ileile: seli moja kuwa na kosa linaloishinda dawa ya kwanza ni rahisi, kuwa na makosa matatu tofauti kwa wakati mmoja ni vigumu mno. Emil Frei na Emil Freireich waliichukua busara hiyo ya kifua kikuu wakaiingiza kwenye lukemia ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1960, dawa nne kwa pamoja, mojawapo vinkristini inayotokana na vinka, lile ua dogo la rangi ya waridi linaloota kwenye nyua nyingi za kwetu. Wenzao waliwaona wakatili. Leo katika nchi zenye huduma kamili watoto tisa kati ya kumi wenye lukemia hiyo wanapona. Kwa hiyo mama wa Makambako anayeshangaa kwa nini mwanawe anatundikiwa dripu tatu za rangi tofauti wakati ugonjwa ni mmoja, anaweza kujibiwa na jirani yake anayemeza ARV.

Kwa uvimbe mgumu, wa figo, wa mapafu, wa matiti, mambo yana ugumu zaidi. Mwaka 2012 Charles Swanton na wenzake London walichukua vinyama kutoka sehemu mbalimbali za uvimbe uleule wa figo. Karibu theluthi mbili ya mabadiliko ya vinasaba hayakuonekana katika sehemu zote. Yaani sindano ikiingia kushoto inaleta habari moja, ikiingia kulia inaleta nyingine. Tangu nilipousoma utafiti huo, nikipokea kinyama kidogo kama punje ya mchele nakitunza kwa hofu. Ndicho shahidi pekee, na hajaona kila kitu.

Kuna wazo jingine ambalo wakulima wa Uyole na Tembela, hapa Mbeya, wangelielewa haraka kuliko watu wa mjini. Wakulima wa kabichi wanamjua yule nondo mdogo ambaye viwavi wake wa kijani wanatoboa majani mpaka kabichi inakuwa wavu. Duniani kote amepuliziwa kila kitu, na karibu kila dawa ameishinda. Robert Gatenby, daktari wa Florida, alimtolea mfano nondo huyo mwaka 2009, akauliza: kama kupuliza kwa nguvu zote kunawaua walio dhaifu na kuwaachia sugu shamba zima, kwa nini kwenye saratani isiyoweza kuponywa tusiache baadhi ya seli dhaifu zibaki, ziwabane zile sugu? Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2017 lilihusu wanaume 11 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa. Dawa ilisimamishwa kipimo cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kiliposhuka kwa nusu na kurudishwa kilipopanda hadi pale kilipoanzia. Walitumia chini ya nusu ya dozi ya kawaida, na ugonjwa ulidhibitika muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Watu 11 ni wachache na kazi hiyo inaendelea kupimwa. Naomba nisieleweke vibaya hapa, kwa sababu najua jinsi habari zinavyosafiri kwenye makundi ya simu: dawa zile zilisimamishwa na madaktari waliokuwa wakipima damu kila mara. Mgonjwa wa CML anayeruka vidonge kwa sababu msimu wa kupanda umeingia anaupa ugonjwa nafasi ya kuzaliana na kuongeza makosa mapya. Shangazi nimemwambia hivyo mbele ya watoto wake, ili wamkumbushe.

Kinachoniuma katika yote haya ni muda. Kwa hesabu ile ya bilioni na trilioni, kila mwezi wa kuzunguka kwa waganga na kwenye maduka ya dawa baridi ni mwezi wa seli kuongezeka na kutofautiana, na uwezekano kwamba ile sugu imeshazaliwa unapanda. Uvimbe uliokatwa ukiwa mdogo una historia fupi. Nimeshika vinyama vya matiti vilivyotoka kwenye vidonda vilivyokuwa vinatoa harufu, na kwenye fomu imeandikwa mgonjwa alianza kuona uvimbe zaidi ya mwaka uliopita. Nauli, mume aliye mbali, mchungaji aliyesema tuombe kwanza, aibu. Kila sababu ina ubinadamu wake, na seli hazikusubiri hata moja.

Kwa anayemuuguza mtu sasa hivi, kuna mambo ya kushika. Daktari akiandika kinyama kikatwe tena baada ya ugonjwa kurudi, pesa hiyo haipotei. Anataka kujua anapambana na kizazi kipi. Kwa saratani ya matiti, kwa mfano, vipokezi vya homoni vilivyokuwepo mwanzoni vinaweza visiwepo kwenye uvimbe uliorudi, na dawa iliyofaa mwaka juzi ikawa haina kazi. Na mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine, ulizeni maabara kuhusu bloku yake ya zamani. Haitupwi. Inakaa kwenye droo miaka mingi bila kuhitaji umeme wala jokofu, na vinasaba vyake bado vinaweza kusomwa na kulinganishwa na vya sasa. Daktari anayempokea akiihitaji, inaombwa kwa barua na kusainiwa, msafiri anaibeba kwenye bahasha, mbali na joto la injini ya basi maana ni nta. Namba yake kwetu huwa juu ya fomu ya majibu, upande wa kulia, inaanza na mwaka. Inakilini kwenye kadi ya kliniki kabla fomu haijachakaa.